Mafuta ya kwenda mwezini hujazwa wapi?

(Mazungumzo haya yalitangazwa redioni Jumapili iliyopita jioni. Tunayachapa hapa kwa faida ya wasomaji ambao hawakuwahi kuyasikia.)

Ndugu msikilizaji, mazungumzo yetu ya leo yalianzia ndani ya daladala. Nilikuwa nimebanwa kiti cha nyuma nikitoka Kariakoo kwenda Mwenge, foleni imetukamata Magomeni, na mbele yangu vijana wawili walikuwa wakibishana juu ya safari za mwezini. Mmoja alishikilia kwamba chombo kinachokwenda huko hunguruma njia nzima, usiku na mchana, kama lori la shehena linavyopanda mlima wa Kitonga. Mwenzake akawa anatikisa kichwa tu. Ndipo mzee mmoja aliyekuwa amepakata kapu la samaki akawageukia, akauliza: "Sasa wajukuu zangu, huko njiani mafuta wanajaza wapi?"

Abiria waliangua kicheko. Mimi sikucheka, maana mzee yule aliuliza swali lenyewe hasa. Kutoka duniani hadi mwezini ni kilomita zipatazo 384,000. Hakuna tangi la mafuta ambalo lingetosha kuunguruma umbali huo wote kwenda na kurudi, na kituo cha mafuta njiani hakuna. Watu wamekwenda na wamerudi. Wamefanyaje basi?

Jibu ni kwamba injini haiungurumi. Karibu njia nzima imezimwa. Chombo cha angani hakiendeshwi kama gari; hurushwa kama jiwe.

Mtazame mtoto anayeangua embe kwa jiwe. Hafanyi kazi njia nzima. Kazi yake yote ni ule mzunguko mmoja wa mkono. Jiwe likishaachana na kiganja mambo yamekwisha: ama litapiga embe, ama litapiga bati la jirani na kuleta kesi. Injini ya roketi ndiyo mkono huo. Huwashwa sekunde chache au dakika chache, chombo kikapata mwendo unaotakiwa kwa upande unaotakiwa, kisha huzimwa, na kuanzia hapo chombo kinakwenda chenyewe kikivutwa huku na huku na dunia, mwezi na jua. Kule juu hakuna hewa wala lami ya kukipunguza mwendo. Kinachokirudisha nyuma ni mvuto wa dunia peke yake, kama unavyolirudisha jiwe la embe.

Tofauti iliyopo ni kwamba jiwe hili limebeba mkono mwingine ndani yake. Likiwa katikati ya safari linaweza kujisukuma tena, kidogo, na kurekebisha shabaha. Kila tendo la kuwasha injini namna hiyo nitaliita mwako, na napenda leo tuifuate safari moja ambayo maisha ya watu watatu yalining'inia kwenye miako michache mno.

Kwanza lakini tuelewane kuhusu mwako wenyewe, maana hata wasomi wamejikwaa hapo. Mwaka 1920 profesa mmoja wa Marekani, Robert Goddard, alieleza kwamba roketi inaweza kufika mwezini. Gazeti la New York Times likamdhihaki mwezi Januari mwaka huo huo. Lilisema roketi ikishatoka kwenye hewa haitakuwa na kitu cha kusukumia, na kwamba profesa hajui hata mambo wanayofundishwa watoto wa sekondari. Aliyekuwa hajui alikuwa gazeti. Mtu anayeruka kutoka kwenye mtumbwi kwenda ufukoni anajua kwamba mtumbwi nao hurudi nyuma. Haukusukumwa na maji wala upepo. Umesukumwa na miguu yake. Roketi hufanya vivyo hivyo. Huitupa gesi ya moto nyuma kwa kasi kubwa, kilomita mbili na nusu, tatu au nne kila sekunde, na kule kuitupa ndiko kunakoisukuma mbele. Hewa haina kazi yoyote hapo. Kwa hakika ni kikwazo. New York Times lilichapisha masahihisho tarehe 17 Julai, 1969, siku moja baada ya Apollo 11 kuondoka kwenda mwezini. Sisi wa magazeti na redio si wepesi wa kukiri makosa, lakini miaka 49 nayo imezidi.

Ubaya wa kusafiri kwa kutupa vitu nyuma ni kwamba lazima uvibebe kwanza. Mafuta unayotaka kuyatumia kesho ni mzigo wa leo, na mzigo huo unahitaji mafuta mengine ya kuubeba. Mwalimu mmoja wa shule nchini Urusi, Konstantin Tsiolkovsky, ambaye maradhi ya utotoni yalimpunguzia sana usikivu, alichapisha hesabu ya jambo hili mwaka 1903, kabla mtu yeyote hajarusha roketi ya mafuta ya maji, na hesabu yake haina huruma. Ukitaka kuongeza mwendo kidogo, mafuta huongezeka sana. Ndiyo maana roketi ya Saturn V, iliyowapeleka Wamarekani mwezini, ilikuwa na uzito wa karibu tani 3,000 ikiwa imesimama, na tisa ya kumi ya uzito huo ilikuwa mafuta na oksijeni. Injini tano za kipande chake cha kwanza ziliunguza mafuta ya taa, ndiyo, jamaa ya haya haya ya koroboi ila yamesafishwa sana, pamoja na oksijeni iliyogandamizwa kwa baridi hadi ikawa maji. Zilimeza tani zipatazo 13 kwa sekunde moja. Na kilichorudi duniani kati ya tani zote zile kilikuwa kichumba cha watu watatu chenye uzito wa tani tano hivi.

Wasikilizaji wa pwani watanikumbusha kwamba roketi zimerushwa hata hapa kwetu, na ni kweli. Karibu na Malindi, Waitaliano walisimamisha majukwaa baharini yaliyoitwa San Marco, na kuanzia mwaka 1967 hadi 1988 setilaiti zilirushwa kutoka pale. Moja ilirushwa tarehe 12 Desemba, 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina la Uhuru. Roketi zile za Malindi ziliitwa Scout na zilitumia mafuta magumu, yaani baruti ya aina yake iliyoshindiliwa ndani. Mafuta magumu ni rahisi kutunza, lakini yana tabia ya fataki: yakishawaka yamewaka, huwezi kuyazima ukafikiri kwanza. Kwa chombo kinachobeba watu na kinachotaka kujirekebisha njiani, inahitajika injini ya kuwashwa, kuzimwa, kupunguzwa na kuwashwa tena. Hiyo ni injini ya mafuta ya maji.

Ukishakuwa nayo bado hujamaliza, kwa maana uendeshaji wa huko juu una kanuni zinazompotosha dereva mzuri. Juni 3, 1965, rubani James McDivitt alikuwa ndani ya Gemini 4 akiizunguka dunia. Mbele yake kilielea kipande cha roketi iliyowapandisha, akaambiwa ajaribu kukikaribia. Alifanya ambalo wewe na mimi tungefanya. Akakielekeza chombo kwenye kile kipande, akajisukuma mbele. Kipande kikazidi kwenda mbali. Akajisukuma tena, na tena, mpaka alipokwisha kutumia kiasi cha nusu ya mafuta yake ya kujielekezea ndipo ikaamuliwa aache.

Sababu ni hii. Chombo kinachozunguka dunia ukikiongeza mwendo hupanda juu, na njia ya juu ni ndefu na vinavyopita humo hwenda polepole. Ni kama mkimbiaji uwanjani anayekaza mbio na mara anajikuta mstari wa nje. Kumbe anayetaka kumkuta aliye mbele yake hana budi kupunguza mwendo kwanza, ateremke kwenye njia ya chini iliyo fupi na ya haraka, amkaribie kwa chini, kisha awashe injini tena na kumpandia. Desemba mwaka huo huo Gemini 6 na Gemini 7 zilifuata hesabu hiyo, zikasogeleana hadi kiasi cha sentimita 30. Kwa hiyo kule juu, kuuliza "niwashe kwa nguvu gani" hakutoshi. Yatakiwa kuuliza pia upande gani, mahali gani, na sekunde ipi.

Sasa twende kwenye safari yenyewe.

Aprili 11, 1970, Apollo 13 iliondoka Florida ikiwa na James Lovell, Jack Swigert na Fred Haise. Hata kabla hawajafika juu, injini moja kati ya tano za kipande cha pili ilijizima dakika mbili kabla ya wakati wake. Zile nne zikaungua muda mrefu zaidi kufidia, na safari ikaendelea. Wakaizunguka dunia kwa saa mbili na nusu hivi. Kisha injini ya kipande cha tatu ikawashwa kwa karibu dakika sita na kuwatoa kwenye mwendo wa chini ya kilomita 8 kwa sekunde hadi karibu 11. Kwa mwendo huo ungetoka Dar es Salaam ukafika Morogoro kwa sekunde 18. Hapo ndipo mkono ulipoliachia jiwe. Kuanzia hapo walikuwa wakipanda huku mvuto wa dunia ukiwapunguza saa baada ya saa.

Njia waliyotupwa mwanzoni ilikuwa ya busara. Kama injini zote zingekataa, chombo kingepita nyuma ya mwezi, mwezi wenyewe ungekipinda kwa mvuto wake na kukielekeza nyumbani, bila hata tone la mafuta. Siku ya pili, hata hivyo, waliiacha njia hiyo kwa makusudi. Mahali walipotakiwa kutua, panapoitwa Fra Mauro, hapakufaa kufikiwa kwa njia ile. Basi wakawasha injini kubwa kwa sekunde tatu na nusu. Ni muda wa kupiga chafya mara mbili. Lakini nahodha wa jahazi anajua: ukitoka Unguja ukakosea usukani kwa upana wa kidole, baada ya siku mbili ardhi unayoiona siyo uliyoikusudia. Sekunde tatu na nusu zile ziliwatoa kwenye njia ya kurudi nyumbani bure.

Usiku wa Aprili 13 kwa saa za Houston, ambapo hapa kwetu ilikuwa saa 12 na dakika 8 asubuhi ya Jumanne, tangi moja la oksijeni lililipuka. Walikuwa kiasi cha kilomita 320,000 kutoka nyumbani.

Chombo chao kilikuwa na sehemu tatu. Palikuwa na kichumba cha kurudia duniani, kilichoitwa Odyssey. Nyuma yake palikuwa na pipa kubwa lenye matangi, mitambo ya umeme na injini kuu. Na mbele palikuwa na Aquarius, kile chombo chenye miguu cha kutulia mwezini. Mlipuko ulitokea ndani ya pipa. Oksijeni ikawa inavuja kuingia angani, na kwa kuwa umeme wao ulitengenezwa kwa oksijeni hiyo hiyo, taa za Odyssey zikaanza kufa. Wakahamia Aquarius, chombo kilichotengenezwa kwa watu wawili kwa muda wa siku mbili hivi. Sasa kilitakiwa kiwatunze watu watatu kwa karibu siku nne.

Hapa msikilizaji atauliza: kwa nini wasigeuze wakarudi? Gari hugeuza kwa sababu lina barabara ya kusukumia magurudumu. Jiwe lililo hewani haligeuzi. Ili warudi moja kwa moja, ilibidi kwanza waue mwendo wote uliokuwa ukiwapeleka mbele, kisha watengeneze mwendo mpya wa kurudi nyuma, na mwako mkubwa kiasi hicho ungeweza kufanywa na injini kuu peke yake. Injini hiyo ilikuwa imekaa ndani ya pipa lile lile lililolipuka. Ilikuwa nzima? Ilikuwa imepasuka? Hakuna aliyeweza kuona. Mkuu wa zamu kule Houston, Gene Kranz, akaamua wasiiguse. Waendelee mbele, wazunguke mwezi, warudi kwa huko. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi mgumu kuliko yote ya safari ile: kuwaambia watu wenye hewa na umeme wa kuhesabu kwamba njia ya nyumbani ni kwenda mbali zaidi.

Ikabaki injini ya Aquarius, iliyotengenezwa kwa ajili ya kushukia mwezini tu. Ilikuwa na sifa moja njema sana. Mafuta yake yalikuwa ya aina mbili ambazo zikikutana tu huwaka, bila kiberiti wala cheche. Fungua vali mbili, injini imewaka. Hata hivyo lipo jambo dogo la kutangulia. Ndani ya chombo kinachoelea, mafuta hayakai chini ya tangi, kwa maana hakuna chini. Huelea katika madonge, na injini inaweza kuvuta hewa tupu. Kwa hiyo kwanza huwashwa vijiinjini vidogo vya pembeni kwa sekunde kadhaa, chombo kikasogea mbele kidogo, mafuta yakabaki nyuma yakakaa kwenye mdomo wa bomba. Ni kama abiria waliosimama wanavyoangukia nyuma dereva anapoondoa gari.

Saa tano na nusu hivi baada ya mlipuko wakaiwasha. Kazi ya rubani haikuwa nyepesi, kwani Aquarius haikutengenezwa kusukuma mzigo, na sasa ilikuwa imebeba Odyssey pamoja na pipa lote lililokufa. Lovell alikuta chombo hakimtii alivyozoea. Anayejua kurudisha nyuma gari lenye tela ataelewa. Mwako huo wa kwanza ulichukua sekunde 34 na kubadilisha mwendo wao kwa mita 11 na nusu tu kwa sekunde. Huo ni mwendo wa daladala barabara ikiwa wazi, kilomita 41 kwa saa. Ulitosha. Wakarudi kwenye ile njia ya bure inayozunguka mwezi na kuelekea nyumbani. Bila sekunde hizo 34 wangeikosa dunia na kuendelea na safari yao.

Njia hiyo sasa ilikuwa inawaleta wapi? Ilikuwa inawaleta katika Bahari ya Hindi, bahari yetu hii. Lakini meli za uokoaji za Marekani zilikuwa zimejipanga Pasifiki, na zaidi ya hayo maji na umeme wa Aquarius ulikuwa ukipungua. Ilihitajika kuharakisha. Basi saa mbili baada ya kuupita mwezi, ambapo walikuwa wamepita kilomita 254 tu kutoka kwenye uso wake bila kutua, walijiandaa kwa mwako wa pili.

Kwa kawaida wanaanga huhakikisha uelekeo wa chombo kwa kutazama nyota. Safari hii nyota hazikutambulikana. Vipande na chembe za mlipuko vilikuwa vimewazunguka, viking'aa kwenye jua kama nyota za uongo. Wakaamua kutumia nyota moja isiyoweza kukosewa, jua. Walikiambia chombo kigeuke kuelekea jua, wakaangalia kwenye darubini kama kweli lipo mahali kompyuta ilipodai. Lilikuwapo. Injini ikawashwa taratibu, sekunde tano kwa nguvu ya moja ya kumi, kisha sekunde 21 kwa nguvu kiasi, halafu kwa nguvu zote. Jumla dakika 4 na sekunde 24. Safari ikafupishwa kwa saa zipatazo 10, na mahali pa kuangukia pakahama kutoka Bahari ya Hindi hadi Pasifiki. Wavuvi wetu wakakosa kisa cha kuwasimulia wajukuu.

Baada ya hapo walizima karibu kila kitu, hata kompyuta ya kuongozea. Baridi ikaingia, maji yakatonatona kwenye kuta. Ndipo Houston walipogundua kitu cha ajabu. Injini zimezimwa zote, na chombo kinatoka kwenye njia. Kidogo kidogo, saa hadi saa, kilikuwa kinasogea upande.

Ni muhimu kuelewa kwa nini jambo hilo liliwatia hofu. Walikuwa wanaanguka kuelekea dunia, na wangeifikia kwa kilomita 11 kwa sekunde. Mafuta ya kupunguza mwendo huo hayakuwapo, na wala hayakuwahi kupangwa kuwapo. Hesabu ya yule mwalimu wa Urusi isingeruhusu. Breki yao ilikuwa hewa ya dunia yenyewe na ngao ya kuzuia joto. Lakini hewa hukubali kuwa breki ukiigonga kwa pembe ya nyuzi kama sita na nusu hivi. Ukiingia wima mno unaungua na kupondeka. Ukiingia kwa ulalo mno, unaipita juu juu kama kigae kinavyoruka juu ya maji ya bwawa, unarudi angani, na hewa ya kupumua inaisha huko huko. Nafasi ya kukosea ilikuwa kama nyuzi moja juu na moja chini.

Kompyuta isingeweza kuwashwa bila kula umeme waliouhitaji mwishoni. Kwa hiyo mwako wa tatu, msikilizaji, ulifanywa kwa macho na saa ya mkononi. Lovell aliiweka dunia katika dirisha, akautumia ule mstari unaotenga mchana na usiku juu ya uso wake kama fundi mwashi anavyotumia uzi. Yeye akashika usukani wa upande mmoja, Haise akashika wa pili, na Swigert akatazama saa yake na kuhesabu. Sekunde 14, kwa nguvu ya moja ya kumi. Kisha wakazima.

Na kilichokuwa kinawasukuma ni nini? Ilikuja kueleweka kwamba ni mvuke. Aquarius ilijipoza kwa kuvukiza maji na kuyaachia nje, na ule mvuke mwembamba, kama pumzi ya birika, ulikuwa roketi. Angani chochote unachokitupa nje kinakusukuma. Hata haja ndogo. Wanaanga hao walikuwa wameambiwa wasimwage mkojo nje, usije ukaharibu vipimo vya njia yao. Wao wakaelewa kwamba katazo ni la safari nzima, wakawa wanauhifadhi kwenye mifuko. Maji ya kunywa nayo yalikuwa ya kupimiana. Haise alirudi nyumbani na homa ya njia ya mkojo.

Mwako wa nne ulikuwa mdogo kuliko yote, sekunde 22 za vijiinjini vya pembeni, saa tano kabla ya kufika. Wakalitenga lile pipa, na lilipokuwa likienda zake waliona ubavu wake mmoja umebanduka wote. Wakarudi Odyssey, wakaiaga Aquarius, wakaingia hewani. Ijumaa Aprili 17, saa 3 na dakika 7 usiku kwa saa za hapa kwetu, maparachuti yao yaliwashusha Pasifiki, karibu na visiwa vya Samoa, kilomita sita na nusu hivi kutoka meli ya Iwo Jima iliyokuwa ikiwasubiri.

Nilipofika nyumbani siku ile ya daladala nilijumlisha ile miako minne kwenye bahasha ya umeme. Tangu tangi kulipuka hadi kugusa maji zilipita saa 87. Injini ziliwaka dakika tano na nusu. Nilitamani kumpelekea yule mzee hesabu hii, lakini aliteremka Magomeni pale pale na kapu lake, akasema kwa miguu atawahi.

Kuna jambo moja nisilisahau. Kampuni ya Grumman, iliyotengeneza Aquarius, baadaye iliwapelekea kwa utani watengenezaji wa Odyssey ankara ya kuvuta chombo kilichoharibika njiani: dola 4 kwa maili ya kwanza, dola 1 kwa kila maili iliyofuata, na dola 4 na senti 5 za kuchaji betri. Baada ya kupunguziwa bei ilifika dola 312,421 na senti 24. Wenzao hawakulipa. Walijibu kwamba wao walikwisha kuvuta vyombo vya Grumman hadi mwezini safari kadhaa, na hawajaona hata senti.